Kumtafutia mtoto mtu wa kukaa nae ukirudi kazini: mambo ya kuangalia kabla hujamkabidhi

Likizo ya uzazi kwetu Zanzibar ni siku 90, ukijifungua mapacha 100, na zinakwenda mbio hujui zimepitia wapi, arobaini hujamaliza kuihesabu vizuri mara bosi anapiga simu "vipi, tunakuona lini". Mie nlianza kutafuta mtu zikiwa zimebaki siku tisa na hilo ndo lilikuwa kosa langu la mwanzo kabisa, nlikuwa na haraka nkachukua wa karibu na wa bei nafuu. Ukiweza anza mapema, mimba ina miezi saba uko mwepesi bado wa kuzunguka mitaani, uliza uliza, maana ukishajifungua huna usingizi na mtu asielala anakubali chochote.

Kwetu anaefikiriwa mwanzo ni bibi wa mtoto, na kama bibi yupo, ana nguvu zake na anataka mwenyewe basi shukuru Mungu. Lakini muulize, usimpangie tu. Kuna mabibi wana sukari na presha, magoti yanawauma na hawawezi kumwambia mtoto wao sitaki, na mtoto wa mwaka na nusu anakimbia kuliko kuku. Mamangu aliniambia kweupe, "mwanangu, mtoto wa kukaa namuweza, wa kukimbia simuwezi", na nlimshukuru kwa kusema mapema kuliko kunikubalia halafu akaja akaanguka nae ngazini.

Wa pili ni msichana wa kukaa ndani, watu wanaagizia shamba, wanaagizia Pemba, wanaagizia bara, anashuka bandarini na begi lake na kesho yake keshaachiwa kichanga na hata jina la mtaa halijui. Mie sisemi vibaya, wapo wasichana wazuri mno, ila angalia umri jamani. Msichana wa miaka 13 au 14 ni mtoto, mahala pake ni skuli, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inamhesabu mtoto kila alie chini ya miaka 18. Ukimwachia mtoto mtoto mwenzake kikitokea kitu utakuta wote wawili wanalia. Na alie mkubwa mpe angalau wiki moja na wewe upo ndani, akuone unavyofanya, ajue majirani, ajue duka, ajue nani wa kumwita.

Kisha kuna jirani anaekusanya watoto wa watu nyumbani kwake, na kuna vituo vyenyewe vya kulelea, hizi dekea. Hapo watu wanachanganya, wanadhani nasari na dekea kitu kimoja. Nasari, yaani skuli za maandalizi na vituo vya TuTu (Tucheze Tujifunze), vinachukua watoto wa miaka minne hivi na vingi saa za mchana keshatoka mtoto, kwa hiyo kama unatoka kazini saa tisa na nusu bado una tatizo lile lile, nani anakaa nae kutoka hapo mpaka ufike.

Sasa niwape kisa changu. Mtu wangu wa mwanzo alikuwa jirani, simtaji, mpaka leo tunaamkiana. Nyumba safi, maneno matamu, kila nikirudi ananiambia "mashaallah huyu mtoto hana tabu". Na kweli nikimfata mwanangu, miezi mitano wakati huo, kalala. Kila siku kalala. Usiku ndo macho makavu mpaka alfajiri, nkadhani ndo alivyo. Wifi yangu ndo alieshtuka, akaniuliza "hivi huyu anakulaje kama kutwa kalala?". Siku hiyo nkaomba ruhusa nkapanda daladala nkateremka pale saa sita na robo. Nkapiga hodi, kimya. Nkaingia nkakuta watoto wanne wamepangwa kwenye godoro mmoja ubavuni mwa mwengine, msikiti upo nyuma ya nyumba tu, muadhini anaadhini kwa spika na hakuna hata mmoja aliejigeuza. Kwenye dirisha kuna chupa ya dawa ya mafua na kijiko juu yake, kijiko bado kibichi. Yeye yuko uani anachoma maandazi ya kuuza.

Dawa zile za mafua zinazoleta usingizi zinaweza kumzidi mtoto mdogo mpaka pumzi ikapungua, hazipewi mtoto ili alale, wala ili atulie, kichanga ndo kabisa. Nlimchukua mwanangu nkaenda nae spitali siku ile ile, alhamdulillahi alikuwa mzima. Na yule mama alilia, akasema hakujua, na mie naamini hakujua, alikuwa na watoto wanne na biashara ya maandazi na mikono miwili. Ndo maana siku hizi mtu akiniambia fulani ni mpole, ana dini, ana roho nzuri, nasema sawa, lakini ana watoto wangapi na yuko na nani?

Kwa hiyo la mwanzo hesabu. Vichanga chini ya mwaka mtu mmoja asiwe na zaidi ya watatu, na hao watatu ni kazi kubwa, fikiria ukitokea moto anawatoaje. Wakubwa kidogo wa miaka miwili mitatu anaweza kuongeza lakini sio kumi. Na usihesabu walioandikwa kwenye daftari, hesabu walioko pale kwenye mkeka saa nne asubuhi, na ukiona kijana wa miaka kumi anahesabiwa kama "msaidizi" mtoe kwenye hesabu.

Ukenda kutizama nyumba au kituo nenda asubuhi watoto wakiwa wapo, sio jioni wameshaondoka na pamefagiliwa. Kaa chini kwenye mkeka, usikae kwenye kiti. Ukikaa chini unaona anachoona mtoto, soketi iko wapi, waya wa ekstensheni unapita wapi, chini ya kabati kuna sumu ya panya au hakuna. Halafu omba kwenda uani, sema unataka kunawa mikono. Uani ndo kwenye mambo. Angalia kisima kina kifuniko cha kufunga au bati tu limelazwa juu, angalia mapipa na ndoo za maji maana kwetu maji yanakatika kila mtu anaweka akiba, na mtoto anaejifunza kusimama akiinama kwenye ndoo kichwa kinamvuta hawezi kujitoa, maji ya kina cha kiganja tu yanatosha kumzamisha na hapigi kelele. Jiko la mkaa liko wapi, linawekwa chini njiani au limezungushiwa kitu, na mvua ikinyesha linaingizwa ndani? Moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu wazima sembuse mtoto. Mafuta ya taa yako kwenye chupa gani? Hili nalisisitiza sana, tunaweka mafuta ya taa kwenye chupa za soda na za maji, mtoto ana kiu anaona chupa anayoijua. Akinywa asitapishwe, asipewe maziwa, abebwe spitali mbio na chupa yenyewe ichukuliwe.

Na mlango wa barabarani. Mie naishi Fuoni, gari zinapita na boda ndo usiseme, kituo kikiwa hakina geti linalofungwa mie siingii hata kuuliza bei.

Mtoto mchanga analazwa chali, godoro gumu kidogo, bila mito wala mablangeti ya manyoya usoni, na chandarua. Mwambie mlezi hivo hivo kwa maneno yako, maana wengi wetu tumelelewa kulazwa kifudifudi ili "asishtuke" na bibi zetu hawakukosea kwa walivyojua wao, ila sasa inajulikana kuwa chali ndo salama zaidi.

Baada ya kuona ndo maswali. Usimuulize "unapenda watoto?", nani atakwambia sipendi. Mie nauliza swali moja kubwa: mara ya mwisho mtoto kuumia hapa ilikuwaje? Halafu nanyamaza. Anaekwambia "kwangu hajawahi kuumia mtoto hata siku moja" muage vizuri uondoke, maana ama ana mwezi mmoja kwenye kazi ama anaficha. Anaekwambia "juzi yule wa bluu alianguka barazani akavimba hapa, nkamkanda na barafu nkampigia mamake, mamake alikuja juu kidogo lakini nlimwambia ukweli", huyo kaa nae uzungumze. Mtoto kuanguka ataanguka tu hata kwako wewe. Mimi ninachotafuta ni mtu ambae mdomo wake unaniletea habari mbaya kabla sijaiona mwenyewe wakati wa kumkogesha.

Kisha uliza vitu vya kufanya. Mtoto akipaliwa? Jibu asikwambie atampiga mgongoni amemkalisha wala atatia kidole kooni bila kuona kitu. Kichanga analazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kiko chini kidogo, makofi matano ya nguvu katikati ya mabega kwa kiganja, haijatoka anageuzwa chali anabonyezwa kifuani mara tano kwa vidole viwili, na kurudia, huku mtu mwengine anatafuta gari. Akiungua? Maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, sio dawa ya mswaki, sio unga, sio yai. Akipata homa au degedege? Spitali, na simu kwako, kwa mpango huo. Kama hajui sio lazima umuache, mie wa sasa hakujua habari ya kupaliwa, nlimuonesha kwa mwanasesere akarudia mara tatu mbele yangu huku anacheka. Asietaka kuoneshwa ndo wa kumuacha, yule wa "mie nimelea kumi wewe una mmoja".

Chakula pia, karanga nzima, zabibu nzima, mapande ya muhogo mkavu, peremende, hivyo kwa mtoto chini ya miaka mitano havitakiwi au vikatwekatwe vidogo. Na maziwa ya kukamua, kwenye chumba cha joto kama letu mwezi wa kaskazi usihesabu hata masaa manne, tia kwenye kidude cha barafu au friji, na kama umeme wa pale unakatika ovyo panga kingine.

Sasa hili zito kidogo na watu wengi wanaona haya kuuliza. Nani mwengine anaishi au anaingia nyumba ile? Kaka mkubwa wa mlezi, mpangaji wa chumba cha uani, mjomba anaekuja mchana kupumzika, mwalimu wa chuo cha Kurani anaepita. Uliza tu, "mchana hapa mnakuwa nani na nani?". Nani anambadilisha nepi mtoto, nani anampeleka chooni, na mlango unakuwa wazi au umefungwa. Mlezi mwenye akili hatakasirika, mie wa sasa alinijibu "mume wangu akiwepo nyumbani watoto wako ukumbini na mie, chumbani hawaingii", yaani alishafikiria kabla yangu. Mtoto anaejua kusema mfundishe majina ya viungo vyake na umwambie hakuna siri ya mwili baina yake na mtu mzima yoyote. Na sema mapema kuhusu picha, wengine wanaweka watoto wa watu stetasi za WhatsApp kutwa, uchi wanaogeshwa kwenye beseni, wanaona kachekesha, mie sitaki na nlisema sitaki.

Ukisharidhika nenda kwa sheha. Najua watu wanaona sheha ni wa barua ya kitambulisho tu, lakini sheha wa shehia anajua nani kahamia lini, nyumba ipi ina ugomvi, ipi polisi walipita. Hatakwambia kila kitu ila tizama uso wake ukilitaja jina. Kituo kikubwa kinatakiwa kiwe kimesajiliwa, omba kuoneshwa cheti na uulize kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako. Na jambo jengine ambalo limenisaidia kuliko cheti, usizungumze na wazazi ambao watoto wao wapo pale tu, mtafute mmoja aliemtoa mtoto wake umuulize kwa nini. Mie nlimpata dukani Mwanakwerekwe nasubiri chenji, wala sikumtafuta, dakika tano tu za mazungumzo zikaniokoa na kituo kimoja kizuri kwa macho.

Mtu wa kukaa nyumbani kwako chukua kopi ya kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi, au cha NIDA kama katoka bara, na namba ya simu ya mtu wa kwao umpigie kweli, sio uiweke tu kwenye simu.

Siku za mwanzo usimtupe mtoto. Siku ya kwanza kaa nae pale saa moja, ya pili muache saa moja uende dukani, ya tatu mpaka adhuhuri, hivo hivo. Ukiondoka muage, usitoroke kwa mlango wa uani, mtoto anaetorokwa anakuwa hakuachii hata kwenda chooni. Atalia, ndio. Subiri nje ya ukuta dakika kumi usikie kama anabembelezwa au anaambiwa "nyamaza mamako keshakwenda zake".

Pesa semeni mwanzo kabisa, mie nandika kwenye karatasi ya daftari, wote tunatia saini, hata kama ni somo yako. Kwa mwezi kiasi gani, chakula nani analeta, ukichelewa inakuwaje, mtoto akiumwa analipwa au halipwi, yeye akiumwa nani anashika. Na Ramadhani! Watu wanasahau Ramadhani. Saa za kazi zinabadilika, vituo vingine vinafunga mapema, na mlezi aliefunga akaamka kula daku saa tisa usiku, saa nane mchana ana usingizi wa kweli kweli na watoto hawafungi, wanataka uji. Mie mwezi ule nampelekea chakula kilichopikwa ili asikae jikoni, na nabadilishana na wifi yangu mchana siku mbili kwa wiki. Sikukuu siku nne zote usitegemee mtu.

Wenzetu wa mwani huko Paje na Jambiani na wa mahoteli wao mahesabu yao ni mengine. Wa mwani wanafata maji, bamvua likiwa kubwa maji yanatupa asubuhi mpaka mchana, kesho yanasogea karibu saa nzima, kwa hiyo mpe mlezi saa za maji za wiki nzima sio "asubuhi". Na usimchukue mtoto pwani akakaa juani kwenye ngalawa eti yupo na mamake. Wa shifti ya usiku mie ningesema mtoto alale kwenu, mlezi aje, asihamishwe saa sita za usiku kwenye boda.

Ukishampata bado hujamaliza, pita ghafla. Wiki hii saa tatu, wiki ijayo saa nane. Piga hodi uingie. Mlezi anaekwambia "bora ungepiga simu kwanza" mara moja sawa, mara tatu mtoe mtoto. Tizama mwili wa mtoto kila jioni ukimkogesha, alama za vidole kwenye mikono, wekundu wa nepi usioisha, njaa isiyo ya kawaida, mtoto aliekuwa anakwenda kwa furaha ghafla anajificha nyuma ya mlango akiona njia ya kwa mlezi. Kichanga kikitikiswa kwa hasira ubongo unaumia na nje huoni alama, utaona kinatapika, kinalala kupita kiasi, hakinyonyi, hapo ni spitali sio kwa mganga kwanza kusomewa zongo. Na ukishuku kitu cha udhalilishaji usimkogeshe mtoto, usikoshe nguo, mpeleke kituo cha Mkono kwa Mkono, cha mwanzo kilifunguliwa Mnazi Mmoja 2011 na sasa vipo spitali nyengine Unguja na Pemba, au piga 116 simu ya mtoto, haina malipo. Watu wa familia watakwambia mlimalize ndani. Msilimalize ndani.

Mwanangu sasa ana miaka miwili na miezi mitatu. Yupo kwa mama mmoja mtaa wa pili, watoto watatu tu, nyumba yake wala si nzuri kama ya yule wa mwanzo, ukumbi una kapeti limetoboka. Jumatano iliyopita nipo ofisini saa tano simu ikaita, nkaona jina lake moyo ukanidunda. "Mama nanii, asalaam aleikum, huyu wako kang'ata sabuni ya kufulia, kipande kama kucha, nimemkosha mdomo kwa maji, anacheka tu na mapovu yanamtoka, namtizama, nikiona kitu ntakupigia tena." Nkamwambia asante, nkaendelea na kazi.